Gari la kale si lazima ling'ae

Wengi huamini gari la kale hupanda thamani likipigwa rangi upya na kushonewa viti vipya. Si mara zote. Februari 2015, mjini Paris, Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 ilipigwa mnada kwa zaidi ya euro milioni 16, na vumbi lake juu. Ilikutwa Ufaransa, imelemewa na marundo ya majarida. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Ukiikwangua, umefuta ushahidi wa jinsi gari lilivyoundwa. Breki na mipira ya mafuta badilisha bila huruma, maana hapo ni roho za watu. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari, ikiliwa na kutu nayo haina cha kutetewa. Lakini kiti kilichochanika kidogo? Mimi ningekiacha.