Washindi wa Eurovision: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Kila muhula mpya unapoanza, wanafunzi wangu wa uimbaji huja na dhana ile ile, kwamba mshindi wa Eurovision, mashindano ya kila mwaka ya muziki kati ya nchi ambazo nyingi ni za Ulaya, ni yule aliyewapita wenzake kwa uwezo wa sauti, na kwamba nchi humpeleka mwimbaji wake bora kama inavyompeleka mkimbiaji wake bora kwenye Olimpiki. Sivyo hata kidogo. Tangu yalipoanza Lugano, Uswisi, mwaka 1956, hayo ni mashindano ya nyimbo, na mtunzi ana haki ya kusherehekea ushindi sawa na aliyeimba.

Asiyeamini na amtazame Johnny Logan wa Ireland. Mwaka 1980 alishinda kwa wimbo wa mtunzi mwingine, mwaka 1987 akashinda kwa wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe, kisha mwaka 1992, Linda Martin alipoibuka mshindi, wimbo aliouimba ulikuwa utunzi wa Logan huyo huyo. Au amtazame Salvador Sobral wa Ureno, ambaye mwaka 2017 mjini Kyiv alisimama peke yake, bila wachezaji wala fataki, akaimba kwa Kireno kwa sauti ya chini inayokaribia mazungumzo, akazoa pointi 758. Alipotakiwa kuurudia wimbo akiwa mshindi, aliuimba pamoja na dada yake Luísa, kwa sababu ndiye aliyeutunga. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniambia kwamba anaumiza koo kwa noti za juu akiota jukwaa la aina hiyo, humwagiza kwanza aniletee beti mbili na kiitikio alivyotunga mwenyewe, visivyozidi dakika 3, kwani huo ndio urefu unaoruhusiwa. Wengi huondoka wamenuna.

Dhana ya kwamba mwimbaji lazima awe raia wa nchi anayoiwakilisha inatokana na kosa hilo hilo. Céline Dion, aliyeipatia Uswisi ushindi mwaka 1988 mjini Dublin kwa kuizidi Uingereza pointi 1 tu, ni Mkanada. Luxembourg imeshinda mara 5, na hakuna hata mshindi wake mmoja aliyekuwa mwenyeji: wanne ni Wafaransa, na Vicky Leandros, wa mwaka 1972, ni Mgiriki.

Wanaodai kwamba bila Kiingereza hakuna ushindi wamezisahau Serbia ya mwaka 2007, Italia ya mwaka 2021 na Ukraine ya mwaka 2022, mbali na Sobral niliyekwisha kumtaja. Wala wimbo wa Mwitaliano Domenico Modugno uliovuma duniani kote kwa jina la "Volare" haukushinda mwaka 1958, kama wengi wanavyodhani. Ulishika nafasi ya 3. Nao wanaodhani kwamba kila mwaka umekuwa na mshindi mmoja wajue kuwa mwaka 1969 Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilifungana kwa kura 18, na kwa kuwa kanuni hazikueleza namna ya kuzitenganisha, zote nne zikatangazwa washindi.

Wala mshindi si lazima awe kipenzi cha watazamaji. Mwaka 2019 majaji waliiweka Makedonia Kaskazini mbele, watazamaji wakaichagua Norway, lakini aliyeshinda ni Duncan Laurence wa Uholanzi, ambaye hakuongoza upande wowote bali alifanya vizuri kote kuwili, na pointi zilipojumlishwa akafikisha 498.