Mkojo ukichoma, usianze na kemisti

Mimi ni daktari wa njia ya mkojo hapa Mombasa, na wanaume wengi wakiingia kwangu huanza na mgongo, mara usingizi, mara kichwa, mpaka mtu ashike kitasa atoke ndio ageuke, "Daktari, na haja ndogo pia yanichoma." Kumbe ndio iliyomleta!

Na akifika hapo ashapita kemisti, kapewa vidonge kwenye bahasha, kameza siku tatu, moto umepungua akaacha. Sasa mkojo ukienda maabara kuoteshwa vijidudu, hauoti kitu manake dawa nusu ishavipunguza, na ugonjwa bado umo. Hili laniuma kila siku.

Ndugu yangu, kuchoma ni dalili tu, magonjwa yenyewe ni mengi. Kijana anayetoka usaha siku 2 hadi 7 baada ya kulala na mtu bila kondomu, hapo nafikiria kisonono kwanza. Klamidia, nayo ya zinaa, huchelewa, wiki 1 mpaka 3, na majimaji yake ni mepesi au hakuna kabisa. Mara nyingi zaja pamoja kwahivyo twatibu zote mbili, sindano ya seftriaksoni mara moja na doksisaiklini asubuhi na jioni siku 7. Ile siprofloksasini ambayo kila mtu aijua, kisonono cha huku kwetu kishaizoea sana, wameza bure. Na mwenzio pia atibiwe, alafu siku 7 hamkutani, la sivyo mtarudishiana tu.

Wazee ni habari nyengine. Tezi dume ikikua, mkojo hauishi wote kibofuni, ule unaobaki ndio vijidudu vinazaliana. Na tezi yenyewe ikishika maambukizi antibayotiki si za siku tano, ni wiki 2 hadi 4, hata kama maumivu yameisha mapema.

Watu wa bodaboda nao, jua la Mombasa mchana kutwa na maji hanywi, mkojo wawa mzito kama chai ya rangi, mwishowe mawe ya figo. Maumivu ya mawe huanza ubavuni yakashuka mpaka kinenani. Dafu nalipenda na lasaidia kuongeza maji mwilini, lakini haliui kijidudu.

Swali ambalo wengi hushangaa nikiwauliza ni hili, umekulia wapi, na mtoni au bwawani ulikuwa ukioga? Manake Kwale, Kilifi na Tana River kuna kichocho, kinatoka kwa konokono wa maji matamu, baharini hakuna. Damu yatoka mwisho wa mkojo, na watu wamezoea kuiona utotoni wakadhani ni kawaida. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vyapimwa kwa uzito wako, humezwa siku moja. Kikiachwa miaka mingi chaweza kuleta kansa ya kibofu, kwahivyo usikinyamazie.

Ukiwa na homa na kutetemeka, au mkojo umeziba kabisa, nenda hospitali usiku huo huo. Pumbu moja ikikuuma ghafla pia, hiyo ni mbio za masaa, ikiwa imejisokota yatakiwa ifunguliwe ndani ya kama masaa 6, usingoje kupambazuke.

Wengine wote, njooni kabla hamjameza kitu. Usikojoe kama saa moja hivi kabla ya kufika, na kama ushameza vidonge beba pakiti nione, sitakugombeza.