Mtoto mchanga hajapata choo siku ya tatu: maswali ya wazazi

Utumbo una neva zake?
Ndiyo. Zimo ndani ya kuta zake, na ndizo zinazosukuma choo. Mimba ikiwa changa, seli zinazozaa neva hizi hutoka upande wa shingo, zikateremka na utumbo hadi chini. Zikikwama njiani, kipande cha mwisho hukosa neva: hubana, hakilegei, choo hakipiti. Huo ni ugonjwa wa Hirschsprung. Humpata karibu mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi.

Nitaujuaje?
Choo cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami. Watoto wengi waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi tisa hukitoa ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, mlete.

Shosho anasema wanaonyonya hukaa siku nyingi bila choo.
Shosho anasema kweli kuhusu mtoto wa miezi miwili, tumbo laini, anayenyonya vizuri. Mtoto wa siku tatu ambaye hajapata choo hata mara moja si huyo. Usingoje.

Tukimwekea kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa, anapata.
Tafadhali acheni sabuni. Acheni maji ya mitishamba. Sabuni huchoma utando laini. Choo na hewa vikitoka, nyumba nzima inapumua, na neva bado hazipo. Kesho tumbo linajaa tena. Watoto hawa naletewa kitovu hakijaanguka, ngozi ya tumbo imenyooka inang'aa kama ngoma, na mama ameshika chupa ya dawa ya gesi iliyofika nusu. Dawa ya gesi haioteshi neva!

Hazitaota zenyewe baadaye?
La. Watafiti wanajaribu kupandikiza seli za neva, lakini tiba iliyopo ni upasuaji: kipande kisicho na neva hukatwa, kizima huvutwa chini na kushonwa. Anayecheleweshwa mpaka utumbo ukatanuka mara nyingi hutobolewa tumbo kwanza, atolee choo kwenye mfuko kwa miezi kadhaa.

Leo Jumamosi, kliniki ya mtaa imefungwa. Tungoje Jumatatu?
La, msingoje. Akitapika kijani, akiwa na homa, au akiharisha kwa kufumuka choo chenye harufu kali huku tumbo limejaa, ni leo, hata saa nane usiku. Iwe mnatoka Kayole au Kawangware, nendeni hospitali yenye idara ya dharura. Ya Kenyatta haifungwi. Mfunge kifuani apate joto, beba kitabu cha kliniki, na mlangoni sema hivi: "Ana siku tatu, hajapata choo tangu azaliwe, anatapika kijani."