Refabishi si mtumba uliofutwa vumbi

Mpwa wangu anayeishi Uingereza amenunua kompyuta ya zamani, ZX Spectrum, mnadani. Ameifuta vumbi, ameosha vitufe vyake, ameichomeka ikawaka, na sasa anataka kuiuza. Akanitumia tangazo nilipitie: "ZX Spectrum ya 1982, refabishi." Neno hili nimelisikia likitumika vibaya Kariakoo, nikalisikia Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye laptopu zinazoitwa ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na sasa limefika hadi kwenye kompyuta ya nyumbani ya miaka arobaini na ushee. Naona niliseme.

Kifaa refabishi ni kile kilichokwisha kutumika, kikafunguliwa na fundi, vipuri vilivyochoka vikabadilishwa, kikapimwa, na mnunuzi akaambiwa kilichobadilishwa. Basi.

Shida inaanzia kwenye asili ya neno. Tumelitoa kwenye Kiingereza, refurbish, na Waingereza walitoa mzizi wake kwenye Kifaransa cha kale, forbir, yaani kusugua silaha mpaka ing'ae. Kwa hiyo mwenye kitambaa na sabuni anaweza kudai kwamba mzizi uko upande wake. Lakini upanga ukiusugua umeutibu kweli, maana ugonjwa wake ni kutu, na kutu iko juu. Kompyuta haiugulii juu.

Sisi nasi tumeongeza mkanganyiko wetu kwa kulifanya refabishi kuwa jina la heshima la mtumba. Mtumba zamani ulikuwa mzigo uliofungwa, hasa wa nguo, anaobeba mpagazi wa msafara kutoka pwani kwenda bara. Marobota ya nguo kuukuu yakarithi jina hilo, kisha friji, magari na kompyuta. Neno linakwambia kitu kimepita mikononi mwa wengine kabla ya kukufikia. Halisemi kina hali gani, wala kama kuna fundi aliyekigusa. Mtumba unaweza kuwa refabishi, na mingi siyo. Ndiyo maana mimi napenda zaidi kusema "iliyokarabatiwa". Nyumba ikikarabatiwa, hakuna anayedhani imepigwa deki tu.

Tazama hiyo Spectrum yenyewe. Ilitoka 1982, ya kilobaiti 16 kwa pauni 125 na ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Chini ya vitufe vya mpira kuna utando wa plastiki wenye njia za umeme, na mikia yake hukauka kwa uzee, hata kufungua kasha tu kunaweza kuipasua. Kapasita za elektroliti, vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, nazo hukauka. Chipu za kumbukumbu za kilobaiti 16 za kwanza hazitosheki na volti 5; zinataka pia volti 12 na volti hasi 5, kwa hiyo ndani kuna saketi ndogo inayozizalisha kutokana na adapta ya volti 9. Saketi hiyo ikiharibika, inaweza kufa pamoja na chipu za kumbukumbu. Na adapta yake ina hasi katikati ya pini, kinyume cha nyingi za leo, kwa hiyo mnunuzi asiyeambiwa anaweza kuchomeka yoyote ya volti 9 akaunguza mashine. Kuwaka leo mezani kwa muuzaji ni habari njema, ila hakusemi chochote kuhusu wiki ijayo.

Tena kuna kurejesha, yaani kukirudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, ambako watu wa kompyuta za zamani hukutetea kwa nguvu. Spectrum ilipeleka picha kwenye runinga kupitia tundu la antena, chaneli 36. Runinga nyingi za sasa hazielewani vizuri na mawimbi hayo, hivyo mafundi hukata waya unaoingia kwenye modyuleta, kisanduku kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya antena, na kutoa picha ya kompoziti, yaani ishara ya video isiyopitia antena, moja kwa moja. Kazi hiyo ni ukarabati halali kabisa, na mimi ningeifanya. Lakini mashine hiyo haijarejeshwa, kwa sababu haiko tena kama ilivyotoka kiwanda cha Timex pale Dundee. Mnunuzi mmoja atalipa zaidi kwa sababu ya waya huo, mwingine atakataa kwa sababu ya waya huohuo. Wote wawili wana haki ya kuambiwa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, kazi uliyoifanya ni nzuri na vitufe vimetakata kweli. Kwa sasa andika "imesafishwa, inawaka, haijafunguliwa". Siku ukiweka utando mpya na kapasita mpya, ukapima zile volti za aina tatu kwa mita na kuziandika kwenye tangazo, hapo lirudishe neno lako.