Kwa Nini Watu wa Sardinia Waliipa Bahari Mgongo kwa Karne Nyingi?

Sardinia, kisiwa cha Italia, ni cha pili kwa ukubwa katika Bahari ya Mediteranea, baada ya Sisilia. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 24,000, na pwani yake inakaribia urefu wa kilomita 1,800, yenye fukwe za mchanga mweupe ambazo siku hizi hujaa watalii kila kiangazi. Hata hivyo, hadi katikati ya karne ya 20 wenyeji wa kisiwa hiki hawakuwa na haja kubwa na pwani hiyo. Vijiji vyao vingi vilijengwa bara, juu ya vilima na miinuko. Riziki yao ilitokana na kondoo, mbuzi na ngano. Na shughuli za baharini, kwa sehemu kubwa, ziliachiwa watu waliotoka nje. Mji wa Alghero, ulioko kaskazini-magharibi, ulikaliwa na Wakatalani tangu karne ya 14, na lugha yao ingali inasikika huko hadi leo. Mji wa Carloforte, katika kisiwa kidogo cha San Pietro, ulianzishwa mwaka 1738 na wavuvi wenye asili ya Liguria, pwani ya kaskazini-magharibi mwa Italia, waliohama kutoka Tabarka, katika pwani ya Tunisia. Je, ilikuwaje watu waliozungukwa na maji pande zote wakaishi kana kwamba bahari haipo?

Sababu inayotajwa kwanza ni maharamia. Tangu karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, majahazi ya kivita kutoka Algiers, Tunis na Tripoli yalikuwa yakivamia pwani za kaskazini mwa Mediteranea ili kuteka watu wa kuuzwa utumwani au kukombolewa kwa fedha, kama ambavyo merikebu za Wakristo nazo zilivyokuwa zikiteka Waislamu. Wafalme wa Hispania, waliokitawala kisiwa hiki hadi mwanzoni mwa karne ya 18, walijenga minara ya ulinzi kuizunguka pwani, na mingi kati ya hiyo ingali imesimama. Uvamizi unaokumbukwa zaidi ulitokea Septemba 1798, pale watu wapatao 900 wa Carloforte walipochukuliwa usiku na kupelekwa Tunis, ambako waliobaki hai walishikiliwa hadi mwaka 1803.

Lakini maharamia peke yao hawawezi kuwa jibu. Ufaransa iliiteka Algiers mwaka 1830 na hatari hiyo ikaisha, na bado pwani ya Sardinia ilikaa karibu tupu kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo. Kilichowaweka watu mbali kilikuwa malaria.

Mito ya Sardinia ni mifupi. Hufurika wakati wa mvua za majira ya baridi, kisha kiangazi hukauka na kuacha madimbwi yaliyotuama. Karibu na bahari kuna mabwawa ya maji ya chumvi na nyanda za chini zisizopitisha maji vizuri. Mbu aliyekuwa akieneza ugonjwa huo, aitwaye kitaalamu Anopheles labranchiae, hakuwa mchaguzi: aliweza kuzaliana katika maji yenye chumvi kidogo ya pwani na katika vijito vya milimani vilevile. Kulala bondeni wakati wa mavuno kulikuwa kujihatarisha, na katika migodi ya risasi na zinki ya Iglesiente, kusini-magharibi, kazi ilipungua sana miezi ya joto kwa sababu wengi walikimbilia kwingine kuikwepa homa.

Karne ya 19, ambayo kwa sehemu nyingine za Ulaya ilileta nafuu, hapa ilizidisha tatizo. Baada ya serikali ya kisiwa kuunganishwa kikamilifu na ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia ya leo, mwaka 1847, na hatimaye Italia kuwa nchi moja mwaka 1861, makampuni kutoka nje yalikata misitu mikubwa ya kisiwa kwa ajili ya makaa na mataruma ya reli. Milima iliyoachwa uchi ilimomonyolewa na mvua, udongo ukaziba njia za mito, na vinamasi vikaongezeka mabondeni. Italia ilianza kuuza kwinini ya serikali kwa bei nafuu mwanzoni mwa karne ya 20, na dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, Sardinia ilibaki kuwa mojawapo ya mikoa iliyoumizwa zaidi na malaria nchini.

Utawala wa Mussolini ulijaribu njia ya uhandisi. Bwawa la mto Tirso, lililozinduliwa mwaka 1924, lilidhibiti mafuriko na kuunda ziwa ambalo wakati huo lilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa zaidi yaliyotengenezwa na binadamu barani Ulaya. Vinamasi vya upande wa chini vilikaushwa, na mwaka 1928 kikaanzishwa kijiji kipya cha wakulima kilichopewa jina la Mussolinia, ambacho leo kinaitwa Arborea. Kilikaliwa hasa na familia zilizoletwa kutoka kaskazini mwa Italia. Mwaka 1938 ulizinduliwa mji wa Carbonia, karibu na migodi ya makaa ya mawe. Hata hivyo, miradi hiyo ilifikia maeneo machache tu, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja na kuvuruga hata yale mafanikio madogo yaliyokuwa yamepatikana.

Alama za karne hizo zote zimo hata ndani ya damu ya wenyeji. Thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, umeenea Sardinia kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Ulaya, kwa sababu aliyerithi vinasaba vyake kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Watafiti waliopima watu vijiji kwa vijiji waliona kwamba wabebaji walikuwa wengi zaidi nyanda za chini kuliko milimani. Huo ndio utaratibu uleule unaoeleza kuenea kwa selimundu katika pwani ya Afrika Mashariki na ukanda wa maziwa makuu, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilithibitisha katika miaka ya 1950.

Mabadiliko yenyewe yalikuja ghafla. Mwaka 1946 Sardinia iliandikisha wagonjwa zaidi ya 75,000 wa malaria. Mwaka huohuo iliundwa taasisi maalumu iliyojulikana kwa kifupi cha ERLAAS, ikigharimiwa na serikali ya Italia, fedha za misaada ya baada ya vita na Rockefeller Foundation ya Marekani. Kilichoifanya taasisi hiyo iwe ya pekee ni lengo lake: hawakukusudia kupunguza mbu, walikusudia kummaliza Anopheles labranchiae asibaki hata mmoja kisiwani.

Wazo hilo lilitokana na ushindi wa awali. Katika miaka ya 1930 mbu wa Afrika wa jamii ya Anopheles gambiae, yuleyule anayeeneza malaria katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, alivuka Atlantiki hadi kaskazini-mashariki mwa Brazili na kuua maelfu ya watu. Timu iliyoongozwa na Fred Soper wa Rockefeller Foundation ilimfuta kabisa huko kufikia mwaka 1940, na miaka michache baadaye ikamfuta Misri alikokuwa amepenya. Lakini Brazili na Misri mbu huyo alikuwa mgeni, tena asiyeyazoea mazingira. Sardinia ilichaguliwa ili kujibu swali gumu zaidi: je, mbu mwenyeji, aliyeishi mahali kwa maelfu ya miaka, naye anaweza kung'olewa? Kisiwa kilifaa kwa jaribio kwa sababu mbu wapya wasingeingia kwa urahisi kutoka nje. Si vibaya kusema wazi kwamba wenyeji, ambao malaria ilikuwa ikiwaua, walikuwa pia uwanja wa majaribio ya watu wengine.

Kazi ilifanywa kwa mpangilio wa kijeshi. Kisiwa kiligawanywa katika maelfu ya sehemu ndogo, na katika kilele chake mradi uliajiri zaidi ya watu 20,000, jambo lililokuwa neema kwa wanaume wasiokuwa na kazi baada ya vita. Walinyunyizia DDT, dawa ya kuua wadudu, kuta za nyumba, mazizi, mapango, madaraja na hata magofu ya kale ya mawe, kisha wakafuata kila kisima, kijito na dimbwi wakitafuta viluwiluwi. Zaidi ya tani 250 za DDT zilitumika katika miaka hiyo minne. Kufikia mwaka 1950 wagonjwa walioandikishwa walikuwa 44 tu.

Malaria iliisha, lakini mbu hakuisha. Viluwiluwi vya labranchiae viliendelea kupatikana katika vijito vya mbali, na yupo Sardinia mpaka leo. Kwa maana hiyo jaribio lilishindwa, ingawa wenyeji waliipata afya waliyoihitaji. Maelezo yake si magumu. Vimelea vya malaria huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu aliyekunywa damu ya mgonjwa hutua ukutani kupumzika, na kama ukuta una dawa hufa kabla ya siku hizo kutimia. Mnyororo huo ukikatika kwa miaka kadhaa mfululizo, huku wagonjwa wakitibiwa, vimelea huisha ndani ya watu, na mbu aliyebaki hubaki akiuma bila kubeba chochote. Katika Italia bara, ambako mpango ulioongozwa na Alberto Missiroli ulinyunyizia nyumba tu bila kuhangaika na kila kijito, malaria iliisha katika kipindi kilekile. Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo somo kubwa la Sardinia, na gharama kubwa ya kukimbizana na mbu wa mwisho haikuwa na ulazima. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa kutokomeza malaria mwaka 1955, lilitegemea zaidi unyunyiziaji wa nyumba, ingawa liliacha nje sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa Sardinia, ambayo tangu mwaka 1948 ilikuwa mkoa wenye mamlaka maalumu ya kujiendeshea mambo yake, ilijikuta na mamia ya kilomita za pwani isiyo na homa na isiyo na watu. Ardhi tupu haikosi wa kuitaka.

Wa kwanza walikuwa wanajeshi. Mwaka 1956 maeneo makubwa ya Quirra, mashariki, na Teulada, kusini, yalianza kutumika kama viwanja vya kufyatulia makombora na kufanyia mazoezi ya kivita, na hadi leo Sardinia inabeba sehemu kubwa ya ardhi ya kijeshi ya Italia kuliko mkoa mwingine wowote. Manowari za Marekani nazo zilikuwa na kituo katika visiwa vya La Maddalena kuanzia 1972 hadi 2008.

Wa pili walikuwa wenye viwanda. Sheria namba 588 ya mwaka 1962, iliyojulikana kama mpango wa kuzaliwa upya kwa Sardinia, ilimwaga fedha za umma ambazo nyingi ziliishia katika viwanda vya kemikali za petroli vya Porto Torres na kwingineko, huku kiwanda cha kusafisha mafuta cha Sarroch kikianza kazi mwaka 1965. Matumaini yalikuwa kwamba viwanda vikubwa vingezaa vidogo. Havikuzaa. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, kemikali ziliyumba, na hata kiwanda kilichojengwa Ottana, katikati ya kisiwa, ili kuwapa wachungaji ajira na kupunguza ujambazi wa milimani, hakikudumu katika hali iliyotarajiwa. Sarroch inaendelea, ikiwa miongoni mwa mitambo mikubwa ya kusafisha mafuta katika Mediteranea.

Wa tatu, wawekezaji wa utalii, ndio waliokipa kisiwa sura inayojulikana duniani. Mwaka 1962 Karim Aga Khan wa Nne, aliyekuwa kiongozi wa Waismailia, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi na akasimikwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1957, aliungana na wamiliki wengine wa ardhi kuanzisha Costa Smeralda katika eneo la Arzachena, kaskazini-mashariki. Huyu ndiye yule aliyeasisi gazeti la Nation nchini Kenya. Eneo hilo halikuwa na barabara za maana, maji ya bomba wala umeme. Kwa hiyo washirika hao walijenga bandari ya Porto Cervo na hoteli, na mwaka 1963 Aga Khan akaanzisha shirika la ndege la Alisarda ili wageni wapate njia ya kufika. Wasanifu kama Jacques Couëlle na Luigi Vietti walibuni majengo mafupi yenye rangi ya ardhi, na kanuni kali zikawekwa kuhusu kimo, nyaya na mimea. Husimuliwa huko Gallura, eneo hilohilo la kaskazini-mashariki, kwamba viwanja vya pwani, kwa kuwa havikufaa kwa kilimo wala malisho mazuri, ndivyo vilivyokuwa vikirithishwa mabinti, na hivyo wanawake wakajikuta wakimiliki mali ya thamani kuliko kaka zao. Hoteli kuu za Costa Smeralda zilibadilisha mikono mara kadhaa, na tangu mwaka 2012 zimekuwa chini ya hazina ya uwekezaji ya Qatar.

Mfano huo uliigwa kila mahali, mara nyingi bila zile kanuni kali. Nyumba za likizo zinazokaliwa wiki chache kwa mwaka zikaenea fukweni. Mwaka 2004 serikali ya mkoa chini ya Renato Soru ilizuia ujenzi mpya ndani ya kilomita 2 kutoka baharini, na mwaka 2006 ikapitisha mpango wa kulinda mandhari ambao hadi leo husababisha mabishano katika kila uchaguzi. Wakati huohuo vijana wameteremka kutoka milimani kuifuata miji ya pwani ya Olbia na Cagliari, au wamehama kisiwa kabisa. Idadi ya watoto wanaozaliwa imeshuka hadi chini ya mtoto 1 kwa kila mwanamke, kiwango cha chini kabisa nchini Italia. Kwa sheria ya mwaka 2022 mkoa ulianza kutoa ruzuku ya hadi yuro 15,000 kwa anayenunua au kukarabati nyumba katika miji yenye wakazi chini ya 3,000, mingi yake ikiwa ya bara, kwa sharti kwamba nyumba hiyo iwe makazi yake ya kudumu na si ya likizo.