Kufuga kambakoche katika bahari za tropiki: dhana potofu na ukweli wake

Ufugaji wa kambakoche unapojadiliwa miongoni mwa watu wa pwani za tropiki, mambo mawili husemwa karibu kwa pamoja: kwamba utawainua wavuvi kimaisha upesi, na kwamba utaipumzisha miamba iliyochoshwa na uvuvi. Yote mawili yanawezekana, lakini hakuna hata moja linalokuja lenyewe, na mengi yanayoaminiwa kuhusu kazi hii hayalingani na maumbile ya mnyama huyu wala na yaliyowapata waliotangulia kumfuga.

Dhana: Kambakoche ni wakali, wakiwekwa pamoja watamalizana

Sifa hii ni ya jamaa zao wa bahari baridi za Atlantiki ya Kaskazini, wale wenye magando mawili makubwa, ambao kweli hawavumiliani. Kambakoche wa tropiki, wa jenasi Panulirus, hawana magando hayo. Hujilinda kwa miiba na vipapasi virefu, na mara nyingi hujikusanya kadhaa katika pango moja la mwamba. Hulana, naam, lakini hasa pale mmoja anapojivua gamba na mwili wake ukiwa bado laini, huku wenzake wakiwa na njaa. Chakula cha kutosha na maficho hupunguza sana hasara hiyo. Panulirus ornatus, anayependwa zaidi na wafugaji, huweza kufikia kilo moja katika miezi 18 hadi 20 hivi tangu alipotua pwani akiwa kifaranga kutoka bahari kuu. Ugumu wa kazi hii hauko katika tabia yake, bali katika kumpata.

Dhana: Anayefuga ameacha kuvua

Hili ndilo kosa linalonitia wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu linaufanya ufugaji uwe pazia la uvuvi. Kambakoche wanaokuzwa vizimbani Vietnam, ambako kazi hii ilianza kuenea mapema katika miaka ya 1990, na wale wanaokuzwa Indonesia, hutokana kwa sehemu kubwa kabisa na vifaranga walionaswa baharini. Huko ni kunenepesha mnyama aliyevuliwa akiwa mchanga. Kazi hiyo inaweza kuwa halali na yenye manufaa, lakini haiongezi hata kambakoche mmoja baharini.

Sababu ya kutegemea bahari ni safari ndefu ya utoto wake. Yai likianguliwa hutoka kiluwiluwi bapa, mwangavu kama kipande cha kioo, mwenye miguu mirefu na myembamba, ambaye huchukuliwa na mikondo hadi bahari kuu. Kwa Panulirus ornatus safari hiyo huchukua takriban miezi minne hadi sita, na katika muda huo hujivua gamba mara nyingi. Mwishoni hugeuka kuwa kifaranga anayefanana na wazazi wake, bado mwangavu, asiyekula kitu, anayeogelea kuelekea pwani kwa nguvu ya mafuta aliyojiwekea mwilini. Kuyafanya haya yote ndani ya tangi ni kazi ngumu mno: miguu hukatika au kunasana, bakteria huenea haraka, na chakula kinachomfaa kiluwiluwi wa wiki moja hakimtoshi wa miezi mitatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa Japani, Jiro Kittaka, alifaulu kuwakuza baadhi ya kambakoche wa bahari za baridi kutoka yai hadi kifaranga. Nchini Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania wamefanya kazi kwa miaka mingi hadi kuufikisha mzunguko wa Panulirus ornatus katika kiwango cha kuzalisha vifaranga kwa ajili ya biashara. Kwa hiyo anayesema haiwezekani amekosea, na anayeahidi kituo cha uzalishaji kwa mtaji mdogo na mafunzo ya wiki mbili amekosea zaidi.

Dhana: Vifaranga wengi wangekufa hata hivyo, kwa hiyo kuwanasa hakudhuru

Nusu ya kwanza ni kweli. Vifaranga wengi sana huliwa na samaki mara wanapokaribia pwani, na zipo ghuba ambamo hutua wengi kuliko maficho yaliyopo. Lakini hoja hiyo hufaa pale tu kunaswa kwao kunapopimwa na kuwekewa mipaka, na haihalalishi hata kidogo kuwachukua wale waliokwisha kutua na kujificha miambani, ambao wamevuka hatari kubwa zaidi. Pia viluwiluwi waliosafiri kwa miezi wanaweza kuwa wametoka kwa wazazi wa nchi nyingine, hivyo kuwalinda kambakoche wenye mayai ni jukumu la majirani wote. Historia ya Indonesia inaonyesha ugumu wa kusimamia jambo hili: mwaka 2016 ilipiga marufuku kusafirisha vifaranga nje, ikaruhusu mwaka 2020, waziri wake wa bahari na uvuvi akakamatwa mwaka huohuo kwa rushwa iliyohusu vibali hivyo, marufuku ikarudi mwaka 2021, na mwaka 2024 mlango ukafunguliwa tena kwa masharti mapya.

Dhana: Hula chochote, na bahari husafisha mabaki

Desturi ya wafugaji wengi ni kuwalisha samaki wadogo wabichi, kaa na kome. Kwa chakula cha samaki wabichi, kilo moja ya kambakoche huweza kugharimu zaidi ya kilo 20 za samaki, ambao mara nyingine wangeliwa na watu. Chakula cha vidonge kinatengenezwa, karibu nusu yake ikiwa protini, ila kambakoche hula polepole akitafunatafuna, na kidonge kisichoshikamana humumunyuka kabla hajakimaliza. Kome waliofugwa karibu na vizimba ni njia ya kati ninayoiona ya busara, kwa sababu hujilisha kwa kuchuja maji na hawahitaji kuvuliwa.

Mabaki ya samaki wabichi huzama chini ya vizimba, huoza, hula oksijeni na kutoa amonia. Vizimba vikisongamana katika ghuba yenye maji yasiyosogea, ugonjwa hauna kizuizi. Mwishoni mwa 2006 na katika mwaka 2007 wafugaji wa Vietnam walipata hasara kubwa kutokana na ugonjwa unaoifanya damu ya kambakoche kuwa nyeupe kama maziwa, unaosababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya seli. Aliyehamisha vizimba vyake kukimbilia maji safi aliweza kuupeleka huko pia, ndiyo maana idadi ya vizimba, umbali kati yake na uhamishaji wa vifaranga ni mambo ya kukubaliwa na ghuba nzima kabla kizimba cha kwanza hakijatiwa majini.