Vimeng'enya na usanisinuru kwenye mboga: kwanini nyanya ina maji, ina jua, na bado haiendi

Ukipita bustani za kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza, Ilemela, Igombe mpaka Kayenze, utakuta watu wana kitu ambacho mkulima wa Shinyanga anakililia kila siku, maji yapo hatua chache tu, pampu inanguruma toka asubuhi, jua ndo usiseme, na bado mtu anakuuliza mbona nyanya zangu zimesimama, au nizidishe yurea? Swali hilo la nyanya kusimama huwezi kulijibu vizuri kama hujajua kinachoendelea ndani ya jani, na ndani ya jani wenye kazi ni vimeng'enya.

Shuleni tulifundishwa usanisinuru kwa mstari mmoja: jua, maji na hewa ukaa vinatoa sukari na oksijeni. Ni kweli kabisa ila mstari ule hausemi nani anafanya kazi na anafanya kwa kasi gani. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha, na kila kimoja kina kazi yake, hakidandii ya mwenzake. Kazi yenyewe iko sehemu mbili. Kwanza klorofili, ile rangi ya kijani, inadaka mwanga, maji yanapasuliwa, oksijeni inatoka na jani linapata nishati ya kutumia hapo hapo. Pili nishati hiyo inatumika kugeuza hewa ukaa kuwa sukari, na huu mzunguko wa pili ndo walioufuatilia wanasayansi kina Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham kule California kwa kutumia kaboni yenye mionzi, Calvin akapewa Nobel mwaka 1961. Mzunguko huo una vimeng'enya 11, na anayeshika hewa ukaa mlangoni anaitwa Rubisko.

Sasa Rubisko ndo wa kumjua vizuri maana kasi ya jani zima mara nyingi inamsubiri yeye. Ni mzito ajabu. Kuna kimeng'enya kingine humo humo kwenye jani kinachoshughulika na hewa ukaa kikiyeyusha kwenye maji, hicho kinaweza kumaliza mabadiliko mpaka milioni moja kwa sekunde, Rubisko anamaliza kama matatu tu. Mmea unafidia kwa kumtengeneza kwa wingi, kwenye majani ya mimea kama nyanya na kabichi anaweza kufika nusu ya protini yote inayoyeyuka, yani sukuma wiki unayopika jioni protini yake kubwa ni Rubisko.

Shida yake ya pili ni kwamba anakosea. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu, na Rubisko mara nyingine anashika oksijeni badala ya hewa ukaa, kwenye nyuzi 25 karibu mara moja katika kila nne. Ni sawa na wavu uliotegwa kwa ajili ya sato ukapanda umejaa magugu maji, hujapata samaki na bado una kazi ya kuutoa uchafu wote huo ndo urudishe wavu majini. Jani linatumia nishati kusafisha hicho kilichotoka vibaya na kaboni nyingine iliyokwisha kushikwa inarudi hewani. Na joto likipanda makosa yanazidi.

Watu wengi wanadhani mwanga ni mafuta tu ya kuendesha kazi, hapana, mwanga ndio unaoamuru vimeng'enya vianze na viache. Usiku kadhaa kati ya vile 11 vinakuwa vimefungwa kabisa, visije vikatumia nishati ya mmea bure gizani. Jua likitoka, elektroni zinazotokana na mwanga zinapita kwenye protini ndogo inaitwa thaioredoksini, hiyo ndo inavifungua. Wakati huo huo majimaji ya ndani ya kloroplasti, vile vijumba vya kijani ndani ya jani inakofanyikia kazi hii yote, yanapungua uasidi, pH inatoka kwenye 7 kwenda karibu 8, na magneziamu inaongezeka, hali ambayo Rubisko anaitaka ili aamke. Maharage na viazi mviringo vina kitu cha ziada, usiku vinatengeneza aina ya sukari inayoziba Rubisko, asubuhi lazima itolewe kwanza. Kuamka huku kunachukua dakika kadhaa, sio papo kwa papo, ndo maana bustani iliyo chini ya mwembe au katikati ya migomba, ambako jua linapiga kidogo linakatika linapiga tena, inapoteza zaidi ya unavyoona kwa macho kwa sababu kila kivuli kinaporefuka Rubisko anapoa na mwanga ukirudi anaanza kuamka upya.

Haya, saa saba mchana, Septemba au mapema Oktoba kabla mvua hazijashika. Ingia kwenye mistari ya nyanya ushike jani la juu lililoelekea jua kwa vidole viwili. Likiwa na maji ya kutosha utalisikia limepoa kidogo, kwa sababu linatoa mvuke. Likikaukiwa linakuwa la moto na kingo zake zinakunjamana kwenda juu, hapo ujue vile vitundu vya kupumulia vimefunga ili maji yasipotee, na vikifunga hewa ukaa haiingii. Hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 29 tu lakini jani lenyewe likazidi hapo nyuzi kadhaa. Ndani yake mambo matatu yanatokea kwa pamoja: hewa ukaa imepungua, Rubisko anashika oksijeni zaidi, na msaidizi wake anaanza kushindwa kazi. Huyo msaidizi anaitwa Rubisko aktivesi, kazi yake ni kutoa sukari zinazonasa kwenye Rubisko na kumziba, ila joto hawezi kabisa, jani likikaribia nyuzi 35 na kuendelea nguvu inamwishia, Rubisko wanabaki wengi tu lakini wamezibwa. Hapo ongeza jua ongeza mbolea, haisaidii kitu. Kwahiyo anayemwagilia saa kumi na mbili asubuhi na kutandaza nyasi kavu kwenye shina kwa maoni yangu anafanya kazi kubwa kuliko anayefungulia pampu saa nane wakati jani limeshalala, maana wa asubuhi ameipa mizizi akiba ya kulipoza jani mpaka mchana.

Mchicha ni habari nyingine. Mchicha, kama mahindi na miwa, una kimeng'enya cha kwanza tofauti kinachodaka hewa ukaa bila kuchanganya na oksijeni, kisha kinaipeleka kwenye chembe za ndani zaidi na kumrundikia Rubisko pale, kwahiyo makosa yanapungua sana. Njia hii wanasayansi Hatch na Slack waliieleza Australia mwaka 1966 wakichunguza miwa. Ndo maana mchicha ukiwa na maji unakimbia kwenye joto lile lile linaloisimamisha kabichi na Chinese, na mwenye eneo lisilo na kivuli chochote nadhani afikirie mchicha miezi ya joto, nyanya na kabichi azipeleke Juni na Julai.

Kuhusu yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni. Protini inajengwa na naitrojeni, na kiasi cha robo ya naitrojeni ya jani inaweza kuwa imekaa ndani ya Rubisko peke yake, ikipungua mmea unabomoa protini kwenye majani ya chini upeleke naitrojeni juu kwa majani machanga. Jani la chini linakuwa njano lote, mishipa na nyama yake. Lakini angalia vizuri kabla hujakimbilia dukani, kwa sababu kuna njano nyingine, ile ambayo mishipa inabaki kijani halafu katikati ya mishipa panapauka, nayo pia inaanzia majani ya zamani. Hiyo mara nyingi ni magneziamu, ile ile inayokaa katikati ya klorofili na inayomwamsha Rubisko asubuhi, na ukiimwagia yurea utapata majani mengi laini huku njano ikiendelea. Udongo wetu wa luseni, ule mchanga unaotokana na mawe haya ya Mwanza, haushiki virutubisho, ukimwagilia sana vyote viwili vinazama chini mizizi isikofika, kwahiyo samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri iende shimoni mapema, na yurea igawe kidogo kidogo kwa awamu badala ya kuimwaga yote siku moja.